Mgeni wa Kila Jioni

Saa kumi na moja jua linazama bila kuaga,
na Yadam anafungua boneti.
Spana namba kumi. Hasi kwanza, chanya baadaye:
hayo nayajua kwa masikio,
niko ndani ya hema nakoroga chai ya chumvi.
Kisha mlango unapigwa teke
na betri inaingia, imekumbatiwa kifuani
kama mtoto aliyesinzia njiani.

Kilo ishirini na mbili za risasi na asidi.
Inatandikiwa sufu upande wa kulia wa jiko,
si karibu sana, isije ikavimba,
si mbali, isije ikaganda.
Kushoto yupo mwana-kondoo wa jana,
masikio bado mabichi.
Mimi nalala palipobaki.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ana miezi mitatu, hajashika hata ufagio,
na zulia la mama yangu amelitoboa.
Nilinuna. Nilimwambia Yadam:
miguu yangu ikiwa barafu, mbona huiulizi hali?
Akacheka,
akaendelea kuipangusa vichwa
kwa kitambaa changu.

Halafu Yadam akaenda kutafuta farasi waliopotea,
na usiku huohuo Tsermaa wa ng'ambo ya kilima
akashikwa na uchungu.
Mumewe alifika juu ya farasi mweupe kwa sakitu,
kope zimegandamana,
hawezi kutamka ila jina la mkewe.

Niliibeba mwenyewe.
Nje, arobaini chini ya sifuri.
Oili imekuwa lami; nikasukuma karai la makaa ya samadi
chini ya tumbo la lori, nikangoja, nikahesabu.
Chanya kwanza, hasi baadaye:
mikono ilijua kilichosikiwa na masikio.
Spana ilininyofoa ngozi ya kidole
ikabaki nayo.
Betri ilikuwa bado na joto la jiko letu
nilipoiachia.

Nikageuza ufunguo.
Kimya.
Nikageuza tena. Lori likakohoa, likasita,
likakumbuka.

Mtoto wa kike, zahanati, kabla ya kupambazuka.
Sikusubiri kuambiwa jina.

Jioni yake Yadam alikuwa hajarudi.
Saa kumi na moja nilifungua boneti.
Hasi kwanza.
Sufu ilikuwa imelowa kwa mwana-kondoo,
nikatandika shali yangu,
ile ya harusi,
naye, masikio yamekwisha kukauka,
akaja akailalia betri ubavuni
kana kwamba inapumua.