Wasikilizaji: Sifuri

Heljo anaingia kwenye seva saa mbili kasorobo,
koti bado mabegani, theluji ikimyeyukia shingoni.
Januari hapa Tartu hakuchi, hujaribu kucha.
Anaandika amri ya kwanza, ile ya kuhesabu watoto:
orodhesha.

Hifadhidata kumi na moja.
Ubatizo, wa parokia zilizoungua na zisizoungua.
Mashamba, na ramani zake, na ugomvi wake wa mipaka.
Mishono ya Soksi, isiyoulizwa kitu na mtu yeyote.
Jaribio. Jaribio2. Jaribio_usifute:
hizo za Ülo, aliyestaafu bila kusema ni za nini,
na nani atathubutu kufuta kilichojiandika usifute?
Kisha Barua. Barua za Siberia.
Hiyo huifungua mwisho,
kama mtu anayebakiza mnofu pembeni mwa sahani,
au anayebakiza kidonge. Hajaamua.

Kila barua imevikwa XML:
jina ndani ya mabano yenye ncha,
mahali ndani ya mabano, tarehe ndani ya mabano,
na palipochanika karatasi pana lebo yake pia,
pengo,
inayofunguka na kujifunga papo hapo
kwa kuwa ndani hamna kitu.
Heljo anaipenda kuliko zote. Haidanganyi.

Sheria za nyumba ni chache.
Wasomaji na waingie hata mia;
mwandishi akishika ufunguo, wote wangoje kizingitini.
Ndiyo maana barua mpya huingizwa usiku,
wasomaji wakiwa wamelala.

Miaka minne iliyopita alitega tukio.
Akaliita bibi, kwa herufi ndogo,
wakubwa wa idara wasije wakaliona.
Ikiingia barua yenye jina Leida Kaljuvee,
seva ipaze sauti,
na dirisha la kijani kwenye kona ya kioo liitike.
Leida: dada wa bibi yake, ambaye naye ni bibi.
Aliyemlea mama.
Aliyepandishwa behewa, kitambaa kikabaki
kimeng'atwa na cherehani, nusu mkono wa gauni.

Miaka minne dirisha lilikaa kijani bila neno.
Akalizoea kama jirani bubu.

Jana usiku umeme ulikatika, dakika sita tu.
Seva ina betri, haikujua.
Kompyuta ya Heljo ilijua.
Kipindi kikakatika, dirisha likafa,
na asubuhi hii, kikombe mkononi, anasoma kumbukumbu:

Saa tisa na dakika kumi na nne usiku.
Tukio: bibi. Limetumwa.
Wasikilizaji: sifuri.

Basi.
Hifadhidata hutunza hata doa la chai.
Kengele haina ghala.
Humwita aliyepo; asiyepo, hakuitwa.
Ülo alimwambia siku ya kumfundisha kazi:
ukitaka kukumbukwa, andika;
ukitaka kusikika, omba kuwe na mtu macho.
Alidhani mzee anasemea kompyuta.

Anaweka kikombe juu ya kibodi bila kuona.
Kioo kinajaa kkkkkkkkkk.
Anazifuta moja moja. Kisha anauliza kwa mkono:
ndani ya Barua, penye jina, Leida.

Jibu moja. Milisekunde nne.
Miaka sabini na ushei, halafu milisekunde nne.

Wapendwa, pengo, tumefika.
Baridi ya huku si ile ya kwetu, hii ina meno.
Tumeni sindano namba tisini na uzi mweusi.
Msitume pengo.
Mtoto mwambieni pengo

na hapo karatasi inakwisha,
na lebo ya mwisho inafungwa kama inavyotakiwa,
maana hati isiyofungwa seva haiipokei.

Mtoto anakaa mtaa wa Tähe, ghorofa ya pili.
Simu ikilia hasikii siku hizi.
Heljo anaichapa barua kwa herufi kubwa,
kubwa kabisa, maneno matano kwa mstari,
mapengo ameyaacha wazi kama yalivyo.
Anafunga vifungo vya koti, anarudi mezani,
analiwasha tena lile dirisha la kijani.
Huenda ipo ya pili.