Alama Nne za Chaki

Uani kwetu Katuba, baba Mwilambwe
hukagua shaba kuukuu, chaki mkononi:
alama moja, ngoja, labda itafaa;
alama nne, tanuri, bila rufaa.

Nikamwambia, hata mwilini ni hivyo.
Protini ikijikunja vibaya
seli huibandika kibandiko kidogo,
juu yake kingine, na kingine, hadi vinne,
kisha huisukumia kwenye pipa lenye meno ndani.
Hukunjuliwa kama waya, hukatwakatwa,
na vipande havitupwi:
kesho vinajenga kitu kingine.

Akacheka. Miaka thelathini mbele ya moto wa kiwanda,
anajua chuma hakifi, hubadili kazi.

Lakini tangu mvua za Novemba
mkono wake wa kuume unatetemeka
hata ukiwa umepumzika pajani.
Daktari ametaja jina la ugonjwa.
Mimi nimesoma kilicho nyuma ya jina:
mapipa ya ubongo yamepunguza mwendo,
protini zilizopinda zinashikana, zinarundikana,
mlima mweusi kama ule wa mjini,
mabaki ya shaba ambayo hakuna anayeyahamisha.

Sikumtajia mlima. Nilisema, takataka.
Akatazama vidole vyake,
akauliza, kama msimamizi aliyechelewa kazini:
"Nani yuko zamu huko?"

Jioni chaki ilivunjika mara mbili.
Alama zilitoka kama nyayo za kuku.
Numbi, kijana wa mizani, akazihesabu kwa kidole,
akasema, "Nne, baba,"
na shaba ikaenda motoni.

Mimi niliona tatu.