Herufi ya Nne

Siku kumi na moja nimelala na karafuu shavuni,
kavu, ya jamvi la jirani, yenye kichwa chake.
Nikaiuma, nikaimung'unya, nikajidanganya.
Gego halidanganyiki.
Linagonga usiku kama mpangaji aliyesahau ufunguo.
Nimelitia chumvi, nimelitia majivu,
nimelisomea hata nikaona haya:
jino moja, na maneno makubwa vile.

Wala si maumivu yaliyonichelewesha.
Maumivu nayajua. Nimezaa mara sita,
wa tano alitanguliza miguu.
Nilichokiogopa ni ngazi ya Daktari Khelef,
pale Wete, juu ya duka la vitambaa,
vidato kumi na vinne. Nimevihesabu
nikiwa chini, mara tatu, nikarudi nyumbani.

Maana Khelef huyu nimemsomesha mimi.
Alikaa safu ya nyuma, karibu na mtungi,
mtoto wa makamasi, na ulimi mzito
usiotaka kugusa meno ya juu.
"Thaa," namwambia. Yeye: "Saa."
"Toa ulimi, uguse meno." "Saa."
Nikamchapa. Henzirani ilikuwa nyembamba,
na mkono wangu siku zile haukujua kuchoka.

Leo mkono wenye sindano ni wake.
Mimi niliyejifunika umri wangu wote
nikalale chali mbele ya mwanafunzi wangu,
nimwoneshe nilichokificha hata harusini:
wekundu wa tambuu, pengo la kushoto,
na hilo la mbele, linaloyumba kama nguzo ya kibanda.

Majirani nao hawakunisaidia.
Bikombo alisema vyuma wanavichemsha, ila si kila siku.
Mgeni alisema shemeji yake aling'olewa zima, likaachwa bovu.
Mkasi akauliza: na damu ikikushuka kooni, umefunga?
La kwangu sikumwambia mtu:
likitoka hili la mbele,
herufi ya nne nitaisemea wapi?

Nikapanda Jumanne.
Kilichonipokea mlangoni ni harufu ya karafuu.
Nikasimama. Nilidhani nimekuja nayo mwenyewe.
"Mafuta yake hayo, maalim," akasema,
"na sisi tunayatumia. Ila wewe umechelewa mno nazo."

Vyuma alivitoa kwenye pakiti iliyofungwa, mbele yangu,
bila kuulizwa, kama mtu aliyeulizwa sana.
Mlango aliuacha wazi. Binti anayemsaidia, Raya,
akakaa ubavuni pangu, akanishikia buibui lisiburure.
Bei aliitaja mwanzo; nikapapasa fundo la kanga,
nikaona litatosha, na kitabaki cha mkate.
"Itauma?"
"Sindano itauma. Hesabu mpaka kumi."

Sikuhesabu. Nilisoma alifu, baa, taa,
nikafika ya nne, ikakataa.
Mdomo ulishaondoka.

"Toa ulimi, maalim." Nikatoa.
"Zaidi." Nikatoa.
Nikamtazama machoni nikiitafuta ile henzirani.
Kama ilikuwemo, ilikuwa nyuma ya miwani.
Alikuwa akinihesabia meno, kwa sauti, polepole,
na kila moja akaliandika,
hata yale mabovu, hata lisilokuwepo.

Gego lilitoka. Nilisikia mlio, sikusikia uchungu,
na ule mlio ndio ulionitoa jasho.
La mbele amelifunga kwa uzi wa chuma na jirani yake.
"Litaishi," alisema, "ukiacha tambuu."
Hilo sikumjibu. Nilisingizia ganzi.

Alasiri nilirudi chuoni, shavu si langu.
Watoto wakanyamaza. Nikaelekeza kidole ubaoni,
nikafungua mdomo:
"Saa."

Kisha kitoto cha Faki, cha safu ya nyuma,
kikasimama, kikajifuta pua:
"Maalim, toa ulimi."

Nikautoa.