Nondo

Nimejenga nyumba za watu miaka kumi na tisa:
Syokimau, Ruai, hadi kule Kitengela
ambako upepo hukausha plasta kabla hujailainisha.
Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajui kwamba mimi nimekula kwa hao wasioziba.

Leo Jumamosi nina orodha mfukoni,
nyuma ya risiti ya simiti,
na barabara ya Luthuli inanipigia kelele kwa spika mia.
Napita. Sikuja kununua muziki.
Nimekuja kununua kompyuta, kipande kwa kipande,
niijenge mwenyewe, nichoree ramani zangu,
nisisomeshwe tena michoro
na kijana mwenye viatu visivyojua tope.

Kavindu aliuliza, "Kwani zile zilizokamilika zimeisha?"
Nikamwambia zipo.
Hata nyumba zilizokamilika zipo.
Akanyamaza kile kimya chake cha kuhesabu karo.

Farhiya hupanga bidhaa nyuma ya kioo kama dawa.
Ananiwekea kichakataji kiganjani,
hakizidi kigae cha kupambia bafu.
"Hii ndiyo akili," asema. "Elfu ishirini na nane."
Nauliza cha chini yake.
Na cha chini ya hicho.
Hacheki. Nampenda kwa hilo.

Kadi ya michoro niliizunguka kwa macho
kama mtu anayetembezwa shamba la tajiri.
Ina feni tatu! Kwangu hatuna hata moja.
"Ukichukua hiyo, pesa yako itakupa pawa saplai hii,"
akainyanyua kwa vidole viwili.
Nikaipima mkononi. Nyepesi.
Nimewahi kushika tofali la namna hiyo,
linalolia vibaya ukiligonga,
na mwenye nyumba kasimama kando: weka tu, nani ataona?
Niliweka. Mara moja, mwaka wa njaa.
Mpaka leo nikipita mtaa ule
nahesabu ghorofa, nione kama bado ni nne.

Nikachukua ile nzito.
Kayole stima ikipotea hurudi na hasira
kama mtu aliyefungiwa nje.
Kadi ikarudi kwenye kioo chake.

Kumbukumbu nilinunua za mtumba.
Wafubwa anafunga saiba yake;
kila mtu ana simu, asema, nani atalipia dakika?
Akachomoa vijiti viwili kwenye mashine namba saba,
akavifuta kwa shati.
Namba saba! Hapo ndipo Kavindu alipoandika barua ya kazi,
kidole kimoja kimoja, mimi nimebeba mtoto,
dakika zikitukimbia kwenye kona ya skrini.
Sikuomba anipunguzie.

Sasa ubao mama uko mezani, tumekula mapema.
Nautazama kama niko kwenye jukwaa la mbao, ghorofa ya tisa:
mitaa, mifereji, minara midogo ya fedha,
barabara zilizonyooka, hakuna aliyenyakua kiwanja.
Kavindu ameshika tochi ya simu.
Bisibisi ni yake, ya cherehani.
"Hapa?"
"Hapo."
"Polepole basi, unasukuma kama unagonga msumari."

Ikabaki nafasi moja, ndefu, tupu.
Anaigusa kwa ukucha. "Na hii?"

Panda paa lolote la mtaa wetu utaziona:
nondo zimechomoza, zina kutu,
zinangoja ghorofa ambayo pesa yake haijazaliwa.
Watu huanikia nguo hapo. Hakuna anayezikata.

"Hiyo," namwambia, "ni nondo."

Anacheka kidogo, kwa pua.
Kisha anainama chini ya meza
kutafuta mahali pa kuchomeka waya.