Besi Inakoroma

Ami Shaame kaileta kwa toroli,
spika ya inchi kumi na tano, imefunikwa kanga,
ampu juu yake kama mtoto mgongoni.
"Inakoroma," akasema. Hakuongeza neno.
Arusi iko Konde, Ijumaa.
Leo Jumatano, na mimi nimeshafunga duka nusu mlango.

Nikatoa bisibisi, mita, lehemu, miwani.
Nilivyofunzwa ni hivi: usiguse viwili kwa pamoja.
Ukibadili waya na spika kwa mkupuo mmoja
na sauti ikatengemaa, hujui umetibu nini,
maradhi yatakurudia usiku, mbele za watu.

Basi waya kwanza.
Wake una viraka vya utepe mweusi kila shubiri.
Nikatia wangu. Uzi mzito, wazi:
duuu, kisha nyuma yake khrrr.
Bado.
Nikaazima gitaa la kijana wa jirani.
Bado.
Labda umeme; magharibi Wete nzima inapika na kupiga pasi,
taa zenyewe zinasinzia.
Nikangoja hadi saa tano, mita ikapanda, ikatulia.
Bado.

Spika yangu kwenye ampu yake: inakoroma kidogo.
Spika yake kwenye ampu yangu: inakoroma sana.
Lo.
Maradhi mawili,
na kila moja linamsingizia mwenziwe.

Nikailaza spika chali.
Nikabonyeza koni kwa vidole vitano, polepole,
kama mkunga anayemtafuta mtoto kalala upande gani.
Haikwaruzi; koili nzima.
Betri ya tochi kwenye vichwa vyake: tk.
Ikaruka, ikarudi.
Nikapiga kofi ubavu wa boksi,
ndani kikajibu kitu ambacho si cha spika.

Skrubu nane.
Ya mwisho haijatoka, harufu imeshanitangulia.
Karafuu,
punje kumi na saba, kavu, zimejikusanya nyuma ya koni,
na moja imenasa ukingoni,
kikonyo chake kimelitoboa karatasi.
"Msimu ule," Ami akasema, "stoo ilijaa.
Tulilala juu ya magunia. Na besi nayo ililala chini yake."
Akacheka peke yake.

Nikachana ukurasa wa daftari la Mize,
hesabu za kutoa, nyingi zina kosa,
nikaupaka gundi, nikaziba.
Tukangoja ukauke. Hatukuwa na la kuzungumza.

Imebaki ampu.
Nikaisogeza karibu na taa, na aibu ikanishika:
geni iko kumi. Tangu saa kumi na mbili iko kumi,
nami nahangaika na waya.
Nikaishusha hadi nne.
Sauti ikatoka duara, nzito, safi,
vikombe rafuni vikatetemeka kwa adabu.
"Umeiua," akasema. "Sisikii kitu."
Mkono wake ukairudisha kumi.
Khrrr.

Nikapita nyuma yake, upande wa kushoto,
upande aliosimama na matoazi miaka thelathini.
Nikasema kwa sauti ya kawaida:
"Ami, chai iko tayari."
Hakugeuka.
Nikarudia.
Alikuwa anafuta vumbi kwenye nyuzi, ametulia,
mtu aliye peke yake chumbani.

Kuna maneno mita hayapimi
na fundi hayasemi kwa mteja, seuze kwa ami yake.
Nikageuza boksi, nikalipiga piga juu:
kaa hapa.
"Juu ya spika?"
Nikaitikia kwa kichwa.
Akakaa. Nikashusha geni, nne.
Akapiga uzi mzito, wazi,
nikaona magoti yake yakiupokea,
kisha mgongo, kisha taya.
Akapiga tena. Akangoja uishe wote.
"Aa," akasema. "Kumbe ipo."

Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu,
nikatia nukta nyekundu penye nne.
Nikamwambia elfu nane, vidole vinane, asijidai hakusikia.
Akanipa tano, na zile karafuu.

Kumi na tano nimezihifadhi.
Mbili tulizitia kwenye chai.