Muhuri Chini ya Dawati

Nililijua kabla sijainama.
Dawati la tatu, upande wa dirisha,
darasa la nne, kikao cha wazazi,
mwalimu anasema habari za michango ya uji.
Mkono wangu ukashuka wenyewe chini ya ubao
ukaikuta ile kabari ya mpangapanga
niliyoichonga usiku umeme ulipokatika,
nikaipaka gundi kwa mwanga wa simu.

Dawati langu.
Ubavuni limechomwa jina la kampuni
ambayo sijapata kuuona hata unyayo wake
katika mchanga wa Nachingwea.

Tulilipwa elfu ishirini na tano kwa kila moja:
mimi, Thekla aliyejifunza randa Ndanda,
Binasa, na Somoe mwenye mkono mmoja
unaoushika msumeno kuliko yenu miwili.
Halmashauri iliyanunua kwa bei
niliyonong'onezwa na karani wa stoo.
Siitaji hapa. Ada ya mwanangu imo humo.

Nikaenda kuuliza, nimejifunga kibwebwe.
Afisa manunuzi, kijana mpole,
macho mekundu kwa kompyuta,
akanivutia kiti, akasema:
Mama, yule bwana hana randa.
Ana makaratasi.

Basi tukayafuata makaratasi.

Jina la biashara lilikataliwa mara mbili;
akina Tumaini wamejaa nchi hii.
Tukaandika Randa Nne, likapita.
Namba ya mlipakodi. Leseni.
Binasa akauza korosho alizoziwekea akiba ya mfungo
tukalipia nauli, picha ndogo, nakala za nakala.
Kwa kijana wa steshenari tukaulizwa nywila;
tukachagua jina la mbuzi wa Somoe,
na mpaka leo anayeingia kwenye zabuni za serikali
huanza kwa kumwita mbuzi.

Kisha cheti cha kikundi.
Kina mstari unaosema sisi ni wanawake,
na mwingine, kwamba mmoja wetu ana ulemavu.
Somoe aliusoma, akacheka mpaka akakaa chini:
"Miaka thelathini na minne nimeujua peke yangu!"
Halafu akanyamaza.
Akakikunja cheti ndani ya khanga
kama mtu anayefunika mkate.

Bwana wa maliasili naye akaja
akagonga nyundo yake kwenye kila ubao,
ko, ko,
kama anayebisha hodi.

Nisije nikadanganya: karatasi haina randa.
Haijui kufuata uzi wa mti,
haijui fundo linapoficha ufa.
Miguu isiyotikisika ni yetu, bei nafuu ni yetu.
Ila mlango ule una tundu moja tu,
bapa, jembamba, la ukubwa wa karatasi,
na miaka yote tulikuwa tukiusukuma kwa bega.

Madawati sitini, shule mbili,
yametengwa kwa makundi maalumu.
Jibu lilikuja saa tano asubuhi.
Thekla alikuwa juu ya paa anaziba bati;
alishuka bila ngazi.

Tukamwomba fundi chuma atupindie herufi.
Tukaipasha moto, tukachoma jina letu,
na kila dawati likatoa moshi wake mdogo
wenye harufu ya nyumba inayohamiwa.
Mkaguzi akageuza moja, akashangaa:
Mbona muhuri uko chini? Huku nani atauona?
Nikamwambia, huko ndiko nilikopapasa.

Malipo bado.
Siku ya arobaini na moja leo,
na mwenye duka la misumari
amekwisha kunisalimu kwa jina langu kamili.
Kesho Thekla ataipeleka hati ya madai mara ya tatu,
na cheti, na nakala ya cheti.
Mimi nitashinda na msasa.
Kuna tangazo jipya: vitanda kumi na viwili, zahanati ya Naipanga.
Somoe ameshamwita mbuzi.