Daftari la Siwema

Sikufundishwa kuvuta. Nilitumwa.
Mjomba Pazi alininyooshea sigara na sarafu ya kunyamazia:
"Kaniwashie jikoni, mbio!"
Na tumbaku haishiki kaa la moto
mpaka mtu aivute.
Nilikuwa na miaka minane.
Nilikohoa, wakubwa wakacheka,
ikawa kazi yangu, kama kuteka maji.

Leo ni fundi vitanda, Keko.
Napiga vanishi milango ya watu wenye milango,
na kidole changu cha shahada kina rangi
isiyotoka kwa thina.

Nimeacha mara sita.
Niliacha Ramadhani, nikaanza mwezi ulipoandama.
Niliacha kwa karafuu, kwa pipi za kifua, kwa kiapo.
Kuacha peke yako ni kupandisha kabati ghorofani peke yako:
ngazi ya tatu unalitua,
unalikalia,
unawasha.

Kisha usiku ule umeme ulikatika,
nikasema, kama anayepiga mwayo,
"Seifu, kaniwashie."
Mwanangu akarudi nayo inawaka vizuri.
Vizuri mno.
Hakukohoa.

Sikuivuta. Niliishika gizani mpaka ikanifikia kidoleni.

Asubuhi nilikwenda kibandani kwa Siwema,
anayeuza moja moja,
kiberiti chake kimefungwa kamba kwenye nondo
kama mbuzi wa jirani.
"Usiniuzie tena."
"Fundi, wewe ndiye kodi yangu ya pango!"
"Elfu yangu nitaleta vilevile, kila siku. Nitunzie."
Akanitazama. Akatoa daftari la madeni,
akaligeuza nyuma mbele,
akaandika jina langu ukurasa mtupu:
"Mbele mnadaiwa nyinyi. Huku nadaiwa mimi."

Zahanati, Sista Tumsifu hakunihubiria.
Aliuliza tu: ya kwanza unavuta saa ngapi,
kabla ya chai au baada?
Nikaona haya kusema kabla ya viatu.
Akasema hamu ni mgeni wa mlangoni, hakai sana usipompa kiti.
Kunywa maji. Tembea. Mpigie mtu.
"Nani?"
"Yeyote atakayepokea."

Basi nampigia Hemedi, fundi sofa, kibanda cha pili.
Simu inaita huku tunatazamana.
"Imekuja?"
"Imekuja."
Hatuongezi neno.
Tunasikiliza randa ya watu wengine
mpaka ipite.
Siku nyingine haipiti, anakuja na sponji lake,
anashona pembeni yangu, anatukana timu yangu.

Siku ya ishirini na tatu mteja alilikataa kabati.
Mninga mtupu, kalikataa kwa sababu ya kitasa!
Nilivuka barabara, nikanunua kwa mtu asiyenijua,
nikavuta nyuma ya mbao, nimechuchumaa
kama mwizi wa mali yake mwenyewe.
Jioni nikamwambia Siwema afute yote.
Akalamba kalamu, akaandika: *moja*.
"Na zile ishirini na mbili?"
"Mtu akikosa rejesho la siku moja
nimfutie aliyokwisha kulipa?
Hesabu hiyo sijafunzwa, fundi. Lete elfu ya kesho."

Sasa daftari limefika karatasi ya tatu.
Kifua bado kinafoka alfajiri, kinatoa vya zamani.
Pilau imerudi kuwa na bizari.

Seifu nilimweleza habari za Mjomba Pazi,
kikohozi chake cha mwisho mwisho,
na sarafu ile. Nilimwomba radhi, jambo gumu kwa baba
kuliko kabati lolote.
Alisema, "Sawa." Ana miaka kumi na moja.
Sijui sawa yake ina nini ndani.

Nikimtuma siku hizi ni msumari, chumvi, kiwi ya viatu.
Kile kiberiti bado kinaning'inia pale kambani, anakipita.
Akirudi naukunja mgongo, nampokea mzigo,
namnusa kichwani kidogo, kama salamu.
Naye, nimeona,
ananinusa.